Kutoka Moshi Hadi Rufiji: Namna ya Kulitembelea Bwawa la Julius Nyerere

Watu wa Moshi tumezoea kupokea wageni wanaokuja kuuona mlima, lakini ni wachache kati yetu waliokwisha kufunga safari kwenda kuiona mitambo inayowasha taa za nyumba zetu. Tangu tarehe 22 Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji pale mto Rufiji unapopenya kwenye korongo la Stiegler, walimu, viongozi wa kwaya na wazazi wamekuwa wakiniuliza namna ya kufika huko, kibali kinaombwaje na gari la aina gani linafaa. Majibu yangu nimeyapanga hapa kwa hatua, kuanzia maandalizi ya nyumbani hadi siku ya kurudi. Ninamwomba msomaji jambo moja tu, asiende kuangalia ukuta peke yake. Bwawa ni mto uliozuiwa ukapewa kazi, na mtu asiyejua mto huo unatoka wapi na unakwenda wapi hataelewa anachokiona, hata kama atasimama juu ya tuta kutwa nzima.

Hatua ya kwanza: anza na mto wa nyumbani

Kabla ya kuitafuta Rufiji, tenga siku moja uende bwawa la Nyumba ya Mungu. Unaweza kuondoka asubuhi ukarudi jioni, na karibu kila utakachokikuta kwenye bwawa kubwa kipo pale kwa kipimo ambacho jicho linaweza kukishika. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kwenye chanzo cha mto Pangani, mpakani mwa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, na kituo chake cha umeme kina uwezo wa megawati 8.

Safari hiyo ianzie hapa mjini, kwenye daraja la mto Karanga. Simama kidogo uyatazame yale maji yanayopita kati ya mawe, kwa sababu ndiyo unayoyafuata. Yanaungana na ya Weruweru na Kikafu, yanaingia mto Kikuletwa ambao umebeba pia maji ya mlima Meru na ya chemchemi za bondeni kama ile ya Chemka, halafu yanafika Nyumba ya Mungu na kukutana na mto Ruvu unaotoka ziwa Jipe. Huko Kikuletwa, wilayani Hai, kuna kituo kidogo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1930, ambacho siku hizi kiko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha kwa ajili ya mafunzo. Mwenye watoto wa shule au vijana wa ufundi aandikie chuo mapema na kuomba kukiona, kwani mtu aliyekwisha kuona mtambo mdogo hatapotea akifika mbele ya ule mkubwa.

Njia ya kwenda Nyumba ya Mungu kwa upande wa Mwanga inachepuka kutoka barabara kuu ya Moshi kwenda Same na kushuka upande wa magharibi, ambako nchi ni kavu, ina miti ya miiba na jua kali. Beba maji ya kunywa ya kutosha, na ukifika kwenye kijiji cha wavuvi tafuta kwanza viongozi wa eneo uwasalimu na kuwaeleza shida yako, kisha uombe mtu wa kukuongoza. Usiingie majini hata kama unawaona wenyeji wameingia, kwa kuwa ziwa lina mamba na viboko, na wenyeji wanajua mahali na saa ambazo wewe huzijui.

Siku yangu ya kwanza pale nilimkuta mzee mmoja akishona wavu chini ya mgunga. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza kama maji ya mwaka ule yalikuwa mengi. Hakuyatazama maji hata kidogo, akanionyesha kwa sindano yake ya mbao mawe ya ukingoni na kusema, "Soma jiwe, mwanangu." Mawe yale yalikuwa na rangi tatu. Juu kabisa yalikuwa meusi na makavu, mahali ambapo maji hayajafika kwa muda mrefu. Katikati palikuwa na mkanda mweupe kama chokaa, uliokuwa mpana kuliko urefu wa mtu. Na chini palikuwa na rangi ya udongo iliyolowa bado, yenye konokono wadogo waliokauka. Ule mkanda mweupe ndio kumbukumbu ya maji yaliyopanda yakashuka. Tangu siku hiyo, kila ninapofika kwenye bwawa lolote, naanza na mawe ya ukingoni kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayenitajia kina cha maji, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Ukiwa bado Nyumba ya Mungu, tazama pia jinsi maji yale yale yanavyogombewa na kazi nyingi. Wavuvi wanataka perege na kambale, wakulima wa chini wanataka maji ya kumwagilia, miji ya Mwanga na Same inayahitaji kwa kunywa, na kituo cha umeme kinahitaji maji yapite kwenye mtambo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, ndiyo inayosimamia mgawanyo huo, na ni kazi ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Bwawa kubwa la Rufiji lina mvutano wa namna hiyo hiyo, ila umetawanyika katika eneo pana kiasi kwamba mgeni wa siku moja hawezi kuuona. Ndiyo maana nasisitiza uanze na la jirani.

Hatua ya pili: jifunze hesabu chache kabla ya kuondoka

Mgeni asiye na vipimo kichwani hurudi na neno moja tu, kwamba bwawa ni kubwa. Shika haya machache. Tuta kuu la bwawa la Julius Nyerere lina urefu wa mita 1,025 kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine, na kimo cha takriban mita 131. Limejengwa kwa zege linalomwagwa kwa matabaka na kushindiliwa kwa mashine za kushindilia, kama zile unazoziona kwenye ujenzi wa barabara. Nyuma yake bwawa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kituo kina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwanzoni mwa mwaka 2024, na mitambo yote ilikamilika mwaka 2025.

Sasa linganisha na ulichokiona nyumbani. Mtambo mmoja wa Rufiji una nguvu ya Nyumba ya Mungu 29. Ukijumlisha vituo vyote vitatu vikubwa vya mto Pangani, yaani Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale megawati 21 na Pangani Mpya megawati 68, unapata megawati 97, ambazo hazifiki nusu ya mtambo huo mmoja. Hata Kidatu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya maji nchini kwa megawati zake 204, haiufikii. Na ukitaka kulipima bwawa letu na mabwawa ya dunia, lile la Aswan kule Misri lina megawati 2,100, kwa hiyo wahandisi waliotoka kwenye nchi ya mto Naili wamejenga kwetu bwawa linalokaribia kulingana kabisa na la kwao. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikilifikiria.

Jambo la mwisho la kujifunza ni namna nguvu yenyewe inavyopatikana, nayo haihitaji elimu ya chuo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tani hiyo ikianguka kutoka kimo cha mita 100 kila sekunde, inatoa karibu megawati moja, ukiondoa kiasi kinachopotea njiani kwenye mabomba na mashine. Kwa hiyo vitu viwili tu ndivyo vinavyohesabika, wingi wa maji na kimo cha kuanguka. Bonde la Rufiji linakusanya mvua za Iringa, Mbeya, Njombe, Morogoro na mikoa mingine ya kusini, likaleta wingi. Korongo la Stiegler, lililo jembamba na lenye mwamba pande zote mbili, likaruhusu ukuta wa kuleta kimo. Ukilielewa hilo utajua kwa nini eneo lile lilikuwa likitajwa kwa ajili ya bwawa tangu enzi za Mwalimu Nyerere, miaka mingi kabla ya ujenzi.

Hatua ya tatu: omba kibali kwa maandishi

Kituo cha kuzalisha umeme ni eneo linalolindwa, na mtu hafiki tu getini akaomba kuingia. Andika barua kwa TANESCO mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya siku unayoitaka, na usikate tiketi wala kukodi gari hadi utakapopata jibu la maandishi. Kama una wageni kutoka nje ya nchi, jambo la kawaida sana kwetu Moshi, lieleze waziwazi ndani ya barua pamoja na namba za hati zao za kusafiria. Ukiwaficha ukategemea kujieleza getini, unaweza kuwafanya wenzako wote warudishwe.

Barua iwe fupi na kamili. Huu ni mfano wa namna ninavyoiandika mimi:

*YAH: OMBI LA KUTEMBELEA BWAWA NA KITUO CHA KUZALISHA UMEME CHA JULIUS NYERERE*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha watu 14, watu wazima 11 na watoto 3 wenye umri wa miaka 12 hadi 16, wakazi wa Manispaa ya Moshi. Tunaomba kutembelea bwawa kwa lengo la kujifunza, siku mojawapo kati ya tarehe tatu tulizoziorodhesha. Majina yetu kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, namba za vitambulisho hivyo, namba ya usajili ya gari na jina la dereva yameambatishwa. Tunaomba pia kupatiwa mwongozaji, na kuelekezwa maeneo ambayo picha zinaruhusiwa.*

Kila kipengele hapo kina sababu yake. Tarehe tatu zinampa anayekujibu nafasi ya kuchagua siku isiyo na ugeni mwingine wala matengenezo. Majina yafanane na vitambulisho herufi kwa herufi, kwa sababu anayeyakagua getini hakujui. Na namba ya gari isibadilike. Kikundi changu kiliwahi kurudishwa kwenye kituo kimoja cha umeme, si hicho cha Rufiji, kwa sababu gari letu liliharibika asubuhi ya safari, tukapanda jingine, na hatukumpigia mtu yeyote simu kumweleza. Barua tulikuwa nayo, majina yalikuwa sahihi, lakini namba ya gari ilikuwa nyingine. Askari alifanya kazi yake, na watoto waliokuwa wameamka saa tisa usiku waliishia kuliona geti. Tangu hapo huweka namba za magari mawili kwenye kila barua, na humpigia aliyenijibu siku mbili kabla ya kuondoka.

Kumbuka kwamba bwawa limezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutoka kwenye sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Njia unayoitumia ikipita ndani ya hifadhi, utahitaji kulipa kiingilio cha TANAPA, mamlaka ya hifadhi za taifa, na malipo hayo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Uliza kiwango cha siku hiyo moja kwa moja kwa mamlaka yenyewe, kwa sababu viwango hubadilika na vinatofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni.

Hatua ya nne: chagua majira

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za Rufiji huharibika sana, na gari linaweza kulala njiani siku mbili. Wapo wanaotaka kwenda masika ili wayaone maji yakimwagika kwenye milango mikubwa ya juu ya tuta, na sikatai kwamba ni jambo la kuonwa, lakini huwezi kulipangia tarehe, maana milango hufunguliwa kwa mahitaji ya bwawa na wala si kwa ratiba ya wageni.

Hatua ya tano: safari yenyewe

Kutoka Moshi unashuka kwa barabara kuu kupitia Mwanga, Same, Korogwe na Segera hadi Chalinze. Hapo pana njia mbili. Ya kwanza inaelekea Morogoro, na kutoka Morogoro inakwenda kusini kupitia Mvuha hadi Kisaki, kijiji chenye stesheni ya reli ya TAZARA, na kuendelea kuingia upande wa kaskazini wa hifadhi. Ya pili inapita Dar es Salaam, inafuata barabara ya kusini hadi Kibiti, halafu inachepuka magharibi hadi Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere. Mimi napendelea hii ya pili kwa kikundi, ingawa ni ndefu, kwa sababu inakupitisha kwa watu wanaoishi chini ya bwawa, nitakaowazungumzia baadaye.

Usijaribu kuimaliza safari hii kwa siku moja. Lala Dar es Salaam au Morogoro siku ya kwanza, siku ya pili ufike karibu na hifadhi kabla ya giza, na bwawa ulione asubuhi ya siku ya tatu mkiwa mmepumzika. Wasio na gari wanaweza kwenda kwa basi hadi Dar es Salaam na kukodi gari huko. Gari liwe la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne, na liwe na matairi mawili ya akiba. Jaza mafuta Morogoro au Kibiti hata kama tangi bado lina nusu. Sukari, mkate na dawa za kichwa utapata vijijini, lakini dawa za presha, kisukari au pumu zibebe zako zote kutoka nyumbani.

Wenzangu wa Kibosho, Marangu na Machame niwaambie wazi kwamba joto la Rufiji si la Moshi mjini mwezi wa Februari. Ni zito, na usiku halipungui sana. Vaa nguo nyepesi za mikono mirefu zenye rangi ya udongo au majani makavu. Epuka rangi ya bluu na nyeusi, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo na huuma hata juu ya nguo. Malaria ipo, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu kinga kabla ya kuondoka, hasa kwa watoto waliokulia milimani, na mbebe vyandarua. Usiku usitoke nje ya eneo la malazi bila mwenyeji.

Hatua ya sita: siku ya bwawa

Fika mapema kuliko saa uliyoambiwa. Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli isiyoteleza. Kandambili hazifai mahali penye ngazi za chuma. Utapewa kofia ngumu ukiingia maeneo ya mitambo, na utaelezwa mahali pa kusimama. Yafuate maelezo hayo bila kujadiliana. Kuhusu picha, uliza kila mnapohamia sehemu mpya, kwa kuwa ruhusa ya kupiga picha juu ya tuta haina maana ya ruhusa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Ndege ndogo zisizo na rubani ziache nyumbani.

Kama una nafasi ya kuomba mpangilio, omba muanzie juu na kushuka, yaani mfuate njia ya maji. Simameni kwanza juu ya tuta, upande wa bwawa. Tafuta mawe ya ukingoni uyasome kama ulivyosoma yale ya Nyumba ya Mungu. Halafu geuka utazame mbali, ukumbuke kwamba maji haya yamekuja kwa mito mingi, Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu ikiwa mikubwa zaidi, na kwamba ya Ruaha Mkuu yamekwisha kuzungusha mitambo ya Mtera na ya Kidatu kabla ya kufika hapa. Tone moja la mvua ya Usangu linaweza kuwa limefanya kazi mara mbili tayari, na linasubiri ya tatu.

Kisha vuka upande wa pili wa tuta na utazame chini. Hapa ndipo wengi hupiga kelele, na mtu mwenye kizunguzungu cha urefu akae katikati, mbali na kingo. Mwombe mwongozaji akuonyeshe midomo ya mahandaki yanayopeleka maji kwenye mitambo. Mahandaki makubwa ni matatu, na kila moja linagawanyika kulisha mitambo mitatu. Uliza pia lilipokuwa handaki la kuchepusha mto, kwa sababu bila hilo hakuna ambacho kingejengwa: mwezi Novemba 2020 mto mzima uligeuzwa ukapitishwa ndani ya mwamba, ili mafundi waweze kufanya kazi pakavu mahali ambapo Rufiji ilikuwa imepita tangu zamani.

Ndani ya jengo la mitambo, usitegemee kuona maji. Jambo hili huwashangaza watoto, na ni vizuri kuwaandaa. Utaona ukumbi mrefu, safi, wenye mwanga, na kwenye sakafu vifuniko vikubwa vya duara vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kikiwa kichwa cha jenereta. Maji na magurudumu yanayosukumwa nayo yako chini ya miguu yako. Kwenye kituo cha kwanza nilichoingia maishani, fundi aliyetuongoza alituambia tunyamaze, kisha kila mmoja aweke kiganja chake kwenye reli ya chuma iliyo kando ya mtambo. Tuliusikia mto kwa kiganja, mtetemo mmoja wa chini usiokatika, kama ule wa ngoma kubwa iliyopigwa nyumba ya tatu. Mtoto mmoja alitoa mkono, akautazama, akaurudisha tena. Mwombe mwongozaji wenu awaruhusu mfanye hivyo mahali palipo salama.

Maswali ya kumuuliza mwongozaji yawe machache na ya maana. Leo maji yako mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na yamepanda au kushuka kwa kiasi gani tangu mwezi uliopita? Ni mitambo mingapi inayozunguka sasa hivi, na nani anaamua iwe mingapi? Tope linaloletwa na mito mnalishughulikiaje? Mkiongeza au kupunguza maji, watu wa chini wanaarifiwa kwa njia gani? Nimeona wataalamu wakichangamka wanapoulizwa hayo, maana wamechoka kuulizwa kimo cha ukuta.

Malizia nje, kwenye kituo ambako umeme unapandishwa hadi msongo wa kilovolti 400 na kuanza safari ya kwenda Chalinze. Usivuke uzio wala kuinua kitu kirefu. Kama hewa ina unyevu, utausikia ule mchakacho mwembamba wa nyaya juu ya kichwa chako.

Hatua ya saba: watazame wanaoishi chini ya bwawa

Ziara isiishie getini. Mkirudi kwa njia ya Mloka, simameni vijijini, mnunue samaki na nazi, mzungumze na wenyeji. Kilimo cha Rufiji kwa vizazi vingi kimefuata mafuriko, ambapo maji yakipanda huleta rutuba na yakishuka watu hupanda. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na mjadala juu ya bwawa ulikuwa mkali. Serikali ilieleza kwamba mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida na kwamba bwawa lilipunguza kiasi cha maji ambayo yangeshuka. Walioona mashamba na nyumba zao zikizama nao wana simulizi yao, na mgeni anayetaka kulielewa bwawa anapaswa kuisikiliza kwa adabu, bila kubishana na bila kuwarushia kamera usoni. Msalimie mkubwa kwa shikamoo, kubali kukaa ukikaribishwa, na acha mazungumzo yafike kwenye maji yenyewe taratibu. Mimi huamini kwamba saa moja kwenye kibaraza cha mkulima wa Rufiji ina uzito sawa na saa mbili juu ya tuta, na sijapata kuongoza kikundi kilichojutia kusimama huko.

Hatua ya nane: rudi kwa kufuata nyaya

Kuanzia Chalinze, mwambie aliyekaa dirishani aziangalie nguzo za umeme. Mkifika Segera mkiwa na saa mbili za ziada, msiendelee moja kwa moja na barabara ya Korogwe. Pinda kwanza kuelekea Tanga hadi Hale, ambako kuna kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1964. Huhitaji kuingia ndani, inatosha kuuona mto. Huo ni Pangani, na maji yake yamepita chini ya daraja la Karanga, yakakaa Nyumba ya Mungu, yakashuka hadi hapa.

Kutoka hapo rudi Segera na uendelee nyumbani kupitia Korogwe na Same. Ukikaribia Moshi, kituo cha kupoza umeme cha Kiyungi ndicho kinachoupokea umeme wa gridi kabla haujagawanywa mitaani kwetu. Wiki inayofuata, andika barua ya shukrani kwa ofisi iliyokupa kibali, uambatishe picha moja mliyoruhusiwa kupiga na maswali ambayo hayakupata jibu siku ile. Mara mbili nimejibiwa kwa kurasa kamili, na barua hizo ndizo ninazowasomea watoto tunapoanza safari mpya, tukiwa tumesimama pale pale darajani Karanga.